Tangazo Limelipiwa, Faili Limerudishwa: Kagua Haya Kabla ya Kupeleka Video Yako TV



Leo naongea na wale ambao biashara imekua mpaka wameanza kuitazama TV. Umeuza Instagram, umeuza TikTok, umeuza kwenye magrupu ya WhatsApp, sasa umepata ofa ya tangazo la sekunde 30 kwenye kituo cha mkoani kwenu. Au mmechangishana watu watatu, wa mashuka, wa mapazia na wa vyombo, mkachukua nafasi pamoja. Hela imelipwa, risiti iko mkononi. Kisha mtu wa kituo anakupigia: "Tuletee faili."

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Unatuma ile video iliyokuuzia vizuri TikTok, inarudi. Ukiuliza tatizo nini, unajibiwa kifundi: fremu 25, LUFS, MXF. Unabaki umeshika simu.

Kazi yangu ni kuhariri video za biashara ndogo hapa Dar es Salaam, na watu wengi wananifikia faili likiwa limeshakataliwa. Nimeona niandike taratibu, jambo kwa jambo, ili hata kama utamlipa mtu akutengenezee, ujue unamwagiza nini.

Jambo kubwa ni hili: kituo cha TV kinapokea mzigo wenye vipimo. Mteja akiagiza shuka la 6 kwa 6 ukampelekea la 5 kwa 6, hata maua yake yawe mazuri kiasi gani, litarudi. Faili la TV ni hivyo hivyo. Vituo vikubwa vina programu inayopima faili kabla mtu hajalitazama, na programu haijui kama dera lako linapendeza. Inasoma namba tu.

Kwa hiyo tusome namba.

1. ANZA NA KARATASI YA VIPIMO

Kabla hujapiga video, kabla hujamlipa mhariri, omba kituo kikupe karatasi ya vipimo vya faili. Aliyekuuzia tangazo huenda hana, yeye kazi yake ni mauzo. Muombe akuunganishe na fundi wa chumba cha kurushia matangazo.

Nakili ujumbe huu umtumie:

"Habari. Naomba vipimo vya faili la tangazo la sekunde 30. Nahitaji kujua ukubwa wa picha, idadi ya fremu kwa sekunde, aina ya faili na kodeki, kiwango cha sauti, sehemu ya skrini ambayo logo na maandishi yenu yanakaa, faili lifike lini, na nilitume kwa njia gani."

Vipimo vinatofautiana kituo kwa kituo. Namba nitakazokupa hapa ndizo za kawaida, lakini karatasi ya kituo chako ikisema tofauti, fuata karatasi.

2. PICHA ILALE, ISISIMAME

TV ni pana. Kipimo cha HD ni pikseli 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu, yaani 16 kwa 9. Video ya TikTok ni kinyume chake, imesimama wima.

Ukiiweka video ya wima kwenye skrini ya TV bila kuikata, inachukua pikseli kama 608 tu kati ya 1920. Hiyo haifiki hata theluthi moja ya skrini. Umelipia skrini nzima, unatumia kipande. Ukiamua kuipanua ijae, unakata kichwa cha mtu juu na bidhaa chini.

Nikupe mfano. Dada mmoja anauza madera mtandaoni. Alilipia nafasi sita siku za mwisho wa Ramadhani, wakati kila mtu anatafuta nguo ya Iddi. Video aliipiga mwenyewe kwa simu, nzuri kabisa, dera linapepea, bei inaonekana. Akaituma kituoni Jumatano. Alhamisi ikarudi na sababu tatu: imesimama wima, sauti imezidi, na ina sekunde 33 badala ya 30. Mimi alinifikia Ijumaa mchana. Kupiga upya haikuwezekana, mzigo ulishaanza kwenda kwa wateja. Tukaiweka picha katikati, pembeni tukajaza kitambaa cha madera yenyewe pamoja na bei na namba ya simu. Ikapita Jumamosi. Ila nafasi mbili za Ijumaa usiku zilishapotea, na hela yake haikurudi, kwa sababu mkataba ulisema faili lililo sahihi lifike saa 48 kabla.

Iddi haisubiri faili. Kwa hiyo kama unajua kuna TV mbele, siku ya kupiga video laza simu. Piga ya kulala kwa ajili ya TV, halafu piga nyingine ya kusimama kwa ajili ya TikTok. Nguo zipo, mwanga upo, mtu yupo, utaongeza nusu saa tu.

3. FREMU 25, SIYO 30

Video ni picha nyingi zinazopita haraka. Kila picha moja inaitwa fremu. Simu nyingi zinapiga fremu 30 kwa sekunde. TV za kwetu zinataka 25.

Kwa nini 25? Zamani mfumo wa TV ulifuata umeme wa nchi. Umeme wa Tanzania, Kenya na Uganda ni wa hetsi 50, kama wa Ulaya, ndiyo maana tukapata fremu 25, nusu ya 50. Marekani umeme wao ni hetsi 60, wakachukua 30.

Ukichukua video ya fremu 30 ukaitoa kwa 25, programu inalazimika kutupa fremu moja katika kila sita. Matokeo yake mwendo unashtukashtuka, hasa kamera ikizunguka taratibu kuonyesha bidhaa. Tena simu nyingi hazishiki hata hiyo 30 sawasawa. Zinapanda na kushuka kidogo kidogo, na mashine ya kituo haipendi hilo kabisa.

Dawa ni kupiga kwa 25 tangu mwanzo. Kwenye iPhone, ingia mpangilio wa kamera, washa PAL, utaiona 25. Kwenye Android nyingi kamera ya kawaida haina, lakini programu ya Blackmagic Camera ni ya bure na inakubali 25 kwenye simu inazozimudu. Hapo hapo weka kasi ya shata 1/50. Itakusaidia na ile shida ya taa za dukani kuonekana zinapepesapepesa, kwa sababu nazo zinafuata umeme huo huo.

Kwenye karatasi unaweza kukuta 1080i50 au 50i. Maana yake kila fremu inagawanywa mara mbili, mistari ya witiri na mistari ya shufwa, zinapita kwa zamu. Ni urithi wa TV za kichogo, na bado vituo vingi vinatumia. Mwambie mhariri wako "50i, mistari ya juu itangulie". Mpangilio huo ukigeuzwa, kila kinachotembea kitatetemeka kama kinarudi nyuma.

4. RANGI: ZIMA HDR

Simu mpya zinapiga video ya HDR, yenye mng'ao mkali. iPhone kuanzia 12 zinayo, na mara nyingi unaikuta imewashwa tayari. Kwenye simu inapendeza, lakini matangazo ya HD ya kawaida yanatumia rangi za Rec.709. Video ya HDR ikiingizwa humo bila kugeuzwa vizuri, nyekundu inakuwa kama imefuliwa mara mia, na nyeupe inaungua. Izime kabla ya kupiga.

Kuna na mipaka ya mwanga. Kwenye TV ya biti 8, weusi ni namba 16 na weupe ni 235. Kompyuta na simu zinatumia 0 hadi 255. Wauzaji wa mashuka meupe, kanzu na shela, hapa panawahusu. Kitambaa cheupe kilichopigwa juani kinavuka mpaka huo kwa urahisi. Piga kivulini, kisha mhariri aweke kizuizi cha mwanga kabla ya kutoa faili.

5. SAUTI: TV HAITAKI KELELE

Hapa ndipo faili nyingi za mtandaoni zinapoangukia. Tumezoea kupandisha sauti mpaka mwisho ili mtu anayepitisha video asimame. TV inapima sauti ya tangazo zima kwa wastani wake, na kipimo kinaitwa LUFS.

Kipimo cha Ulaya, EBU R128 kilichotoka mwaka 2010, kinataka -23 LUFS, na kilele kisizidi -1 dBTP. Kwenye mtandao mambo ni tofauti. YouTube, kwa mfano, inasawazisha sauti kwenye -14. Video iliyotengenezwa kwa ajili ya YouTube inazidi ya TV kwa desibeli 9. Hiyo ni kelele.

Sababu unaijua mwenyewe ukiwa sebuleni. Unaangalia tamthilia, linaingia tangazo, mtoto anaamka. Watu walilalamika miaka mingi. Marekani walitunga sheria kabisa, CALM Act ya mwaka 2010, tangazo lisipige kelele kuliko kipindi. Wao wanatumia -24.

Ukipeleka faili lenye kelele, ama litarudi, ama mashine ya kituo italishusha yenyewe. Likishushwa na mashine, sauti iliyokandamizwa inabaki imekandamizwa, haina uhai. Afadhali ushushe mwenyewe: muziki uwe chini ya sauti ya mtu, maneno yasikike, halafu wote ushushe mpaka -23. Youlean Loudness Meter ina toleo la bure la kupimia. DaVinci Resolve nayo ni ya bure na ina kipimo chake ndani.

Sauti ndani ya faili iwe PCM ya kilohetsi 48, biti 16 au 24 kadiri karatasi inavyosema. Pia vaa spika za masikioni usikilize pande zote mbili. Maiki ndogo za kubana kwenye nguo mara nyingine zinarekodi upande mmoja tu.

6. NAMBA YA SIMU ISILIWE NA SKRINI

Kuna TV zinakata kingo za picha. Kwa hiyo maandishi yote yaachie nafasi ya asilimia 5 kila upande. Kwa HD hiyo ni pikseli 96 kushoto na kulia, na pikseli 54 juu na chini. Halafu kumbuka kituo kina logo yake pembeni, na mara nyingi maandishi yanayotembea chini. Namba yako ikikaa hapo chini kabisa, umetangaza biashara ya mtu asiye na simu.

Na hili wauzaji wa mtandaoni tunalisahau: TV haina kiungo cha kubofya. "Bei njoo DM" haifanyi kazi. "Link iko kwenye bio" haifanyi kazi. Mtazamaji hawezi kusimamisha wala kurudisha nyuma. Namba ikae kwenye skrini sekunde 5 hivi, kubwa, na mtu aitamke. Mtazamaji apate muda wa kuchukua simu.

7. ACHA MIWAKO YA HARAKA

Zile mbwembwe za picha kuwakawaka kwa kasi, TikTok zinapita, TV ni hatari kweli. Tarehe 16 Desemba 1997 huko Japani, kipindi kimoja cha katuni ya Pokémon kilionyesha rangi nyekundu na buluu zikiwaka kwa kupokezana. Watu zaidi ya 600, wengi wao watoto, walipelekwa hospitali, baadhi yao wakiwa na degedege. Tangu hapo mwongozo unaofuatwa sehemu nyingi ni kwamba picha isiwake zaidi ya mara tatu kwa sekunde moja. Kata mbwembwe hizo, bidhaa yako ionekane.

8. SEKUNDE 30 NI FREMU 750

Kwa fremu 25, sekunde 30 ni fremu 750. Siyo 758. Siyo 740. Nafasi ya tangazo imebanwa na matangazo mengine mbele na nyuma. Likizidi, litarudi au litakatwa mwishoni, na mwishoni ndipo ulipoweka namba ya simu. Likipungua, unaacha giza ambalo umelilipia.

Kama unatumia CapCut, futa kile kipande chenye jina lao ambacho programu inakiongeza mwishoni. Na usichukue video uliyoipakua kutoka TikTok ikiwa na alama yao juu.

9. SANDUKU NA MKUNJO

MP4, MOV na MXF ni masanduku. Kodeki ni namna nguo zilivyokunjwa ndani. Vituo havitaki sanduku sahihi tu, vinataka na mkunjo sahihi.

Simu na CapCut zinakunja kwa H.264 au HEVC, ambazo zinabana sana ili faili liwe dogo. Vituo vingi vinataka XDCAM HD422 ya megabiti 50 kwa sekunde ndani ya MXF, au ProRes 422 HQ ndani ya MOV. Angalia uzito kwa sekunde 30:

- MP4 ya megabiti 10 kwa sekunde: MB 38 hivi.
- XDCAM HD422 pamoja na sauti yake: karibu MB 200.
- ProRes 422 HQ kwa fremu 25: karibu MB 700.

Sasa tuelewane. Kubadili jina la faili kutoka .mp4 kuwa .mxf hakubadilishi chochote. Na kuchukua video iliyoshabanwa ukaitoa kwa ProRes hakurudishi kilichopotea. Uji ukihamishiwa kwenye sufuria kubwa hauongezeki. Mpe mhariri video zile zile zilizotoka kwenye kamera, picha za bidhaa za awali na logo yako halisi, atoe faili mara moja kwa vipimo vya kituo. Kazi hiyo inafanyika kwenye kompyuta, kwa Premiere Pro au programu ya aina hiyo. Muulize kabla ya kumlipa: "Unaweza kutoa hiki kilichoandikwa kwenye karatasi?" Kama hawezi, tafuta mwingine mapema.

10. MUZIKI

Wimbo uliopo kwenye maktaba ya TikTok au CapCut umeruhusiwa kwa masharti ya programu ile. Ruhusa hiyo haiendi TV yenyewe. Tumia muziki ulioulipia kwa ajili ya matangazo, au mlipe kijana mwenye kinanda akutungie sekunde 30 kwa makubaliano ya maandishi. Kwa Tanzania mambo ya hakimiliki yako COSOTA, kwa Kenya yako KECOBO.

11. KUSAFIRISHA NA KUKAGUA

Ukituma video WhatsApp kama video, inabanwa upya na kazi yote inaharibika. Itume kama dokyumenti, inafika kama ilivyo, na WhatsApp inaruhusu mpaka GB 2. Au weka Google Drive, au peleka flashi mkono kwa mkono. Kwa faili la MB 700 hesabu bando mapema, na usianze kupakia saa ya mwisho.

Jina la faili lieleweke, bila nafasi katikati: MADERA_IDDI_SEK30_TOLEO2. Siyo "final final mpya".

Kabla ya kutuma, lifungue kwa MediaInfo, ni ya bure. Itakusomea kila kitu: 1920 kwa 1080, fremu 25.000 zisizobadilika, kodeki, megabiti, sauti kilohetsi 48, urefu sekunde 30 kamili. Weka karatasi ya kituo pembeni, linganisha mstari kwa mstari. Kisha litazame kwa macho mwanzo hadi mwisho kwa VLC.

Likishafika, usitosheke na "tumelipata". Uliza "limepita?" na upate jibu la maandishi.

MPANGO WA SIKU

Ukiwa na wiki moja kabla ya kurushwa, ifanye hivi. Siku ya kwanza omba karatasi. Ya pili piga video. Ya tatu na ya nne hariri. Ya tano peleka. Siku mbili za mwisho ziache wazi, faili likirudi uwe na muda wa kulirekebisha. Ukiona karatasi haijapatikana, usilipie bado.

Tangazo zuri lililochelewa halimuuzii mtu kitu. Hela uliyoweka pale imetoka kwenye mtaji, imetoka kwenye mzigo ambao ungeununua. Ilinde kama unavyolinda mzigo wa mteja: pima, funga, andika jina, hakikisha umefika.

Hifadhi hii posti, na mtumie mwenzako mnayechangia naye tangazo. Kama kituo kimekupa karatasi na kuna neno hulielewi, liandike kwenye komenti tulifafanue pamoja. Kila la heri kwenye biashara.